Barua kwa Mwanaidi kuhusu mkutano wa Glasgow

Ngamiani, Tanga
15 Septemba 2024

Mpendwa Mwanaidi,

Asalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku Ngamiani hatujambo, na tunaomba barua hii ikukute nawe huko Bagamoyo u mzima wa afya pamoja na watoto. Uliniagiza nikuandikie kwa kirefu habari za mkutano wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi, ule niliouhudhuria Glasgow mwezi uliopita kabla ya kurejea kutoka masomoni. Kwa kuwa wewe ni mtu wa jukwaa na maleba, nitaanza na yale yaliyonifanya nikutaje moyoni nikiwa ukumbini.

Katika mkutano huo kuna mashindano ya maleba, nayo huchukuliwa kwa uzito mkubwa. Watu wenye kazi zao za kila siku hushona mavazi yao wenyewe kwa miezi mingi, kisha hupanda jukwaani kwa dakika chache tu. Desturi yao moja ilinipendeza mno: wapo waamuzi wanaoyakagua mavazi nyuma ya jukwaa, wakitazama mshono, pindo na namna kitambaa kilivyoshikizwa, ili fundi aliyefanya kazi safi mahali ambapo watazamaji hawawezi kupaona naye apate haki yake. Tena anayeanza hashindanishwi na aliyebobea. Maleba yana umri sawa na mkutano wenyewe, kwani mwaka 1939, ulipofanyika New York kwa mara ya kwanza mbele ya watu wapatao 200, shabiki mmoja, Forrest Ackerman, alitokea amevaa mavazi ya watu wa wakati ujao aliyoshonewa na Myrtle Douglas, ambaye naye alivaa yake. Wasimulie wanafunzi wako habari za mshonaji huyo, maana mara nyingi sifa humwendea mvaaji peke yake.

Mengine ya mikutano unayajua: mijadala mingi kwa wakati mmoja, meza za vitabu, foleni za kutafuta saini za waandishi.

Lililonigusa zaidi ni kwamba mkutano huu ni mali ya wasomaji. Huhama mji hadi mji kila mwaka, isipokuwa ulisimama kati ya 1942 na 1945 kwa sababu ya vita, na mji wa kuupokea huchaguliwa kwa kura za wanachama. Wanaouandaa na kuuendesha hujitolea bila mshahara; hata mwenyekiti wake halipwi. Anayelipa ada huhesabiwa mwanachama, na uanachama wake humpa kura katika tuzo ya Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi yenye sanamu ya roketi, ambayo ilitolewa kwanza mwaka 1953. Mpiga kura huwapanga wote walioteuliwa kwa mfuatano anaoupenda, na akiona hakuna anayestahili, anayo haki ya kutanguliza chaguo la kwamba tuzo asipewe mtu. Wakati wa kuhesabu, anayeshika mkia huondolewa na kura zake huhamia kwa aliyefuata katika kila karatasi, mpaka apatikane mmoja mwenye kukubalika na wengi.

Wanachama huilinda kura hiyo kwa wivu, na mwaka huu zaidi, kwa kuwa mwaka jana, mkutano ulipofanyika Chengdu, China, kazi za baadhi ya waandishi ziliondolewa kwenye orodha ya kuwania tuzo bila maelezo ya kuridhisha, na jeraha lake lilikuwa bado bichi. Ndiyo maana waandaaji wa Glasgow, walipobaini kura 377 zenye dalili za udanganyifu, walizifuta na kutangaza jambo hilo hadharani kabla ya sherehe. Nadhani huo ni uungwana ambao vyama vyetu vingi vingeweza kuuiga.

Nilifurahi kwamba mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alikuwa miongoni mwa wageni wa heshima. Hata hivyo, mkutano unaojiita wa dunia haujawahi kukanyaga Afrika, na gharama za nauli na taabu za viza huwazuia wenzetu wengi kuufuata uliko. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Kwenye chumba cha chai, mzee mmoja wa Kiskoti aliniuliza kama nasi tunazo hadithi za namna hii. Nilimweleza kwamba Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, alichapisha mwaka 1951 hadithi ya Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambayo iliwatuma wajumbe wake mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ambayo wakubwa wa nchi hawakutaka kuyasikia. Mzee alitoa daftari akaniomba nimwandikie jina la mwandishi kwa herufi kubwa, kisha akanihoji kuhusu mjumbe mmoja mmoja hata chai ikapoa. Hapo ndipo niliposhawishika kwamba jambo hili tunaliweza wenyewe, wala hatuna haja ya kungoja kualikwa.

Ombi langu ni hili, Mwanaidi. Nataka tufanye mkutano wa siku moja hapa Tanga wakati wa likizo ya Desemba, kwa ada ndogo ambayo hata mwanafunzi ataimudu, na kila alipaye awe mpiga kura. Tutasoma hadithi mpya zilizoandikwa na vijana, tutazipigia kura kwa mfuatano kama nilivyokueleza, na chaguo la asipewe mtu litakuwapo. Mashindano ya maleba nakuachia wewe, yakiwa na daraja la wanaoanza na la wazoefu, na ukaguzi wa mshono usikosekane. Niambie ni wanafunzi wangapi unaoweza kuwaleta kwa njia ya Msata, na kama watahitaji mahali pa kulala, kwani nyumba yetu na ya shangazi zina nafasi. Tafadhali nijibu kabla mwezi haujaisha, kwa sababu ukumbi huombwa mapema.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mwenzako,
Zuhura