Simu haionyeshi magoti

Tanga, 9 Novemba 2025

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta hapo Muscat ukiwa mzima, wewe na wanao. Sisi huku hatujambo. Vuli inasitasita, ikinyesha leo kesho jua, na njia ya kwetu imeshakuwa tope lile lile unalolijua.

Nimeamua kuandika badala ya kukutumia sauti za dakika mbilimbili, kwa sababu kwenye simu unanishinda. Wewe una mahesabu, mimi nina maneno tu, na ukianza kunitajia tarakimu nabaki kuitikia "sawa, sawa" kama mtoto wa chuoni. Basi soma mpaka mwisho ndipo unijibu.

Mpango wako nimeusoma mara tatu. Fremu nne ziishe 2027, zipangishwe, kodi iende kwenye nyumba ya nyuma, 2032 urudi moja kwa moja, na 2033 umpeleke mama Hijja. Umeupanga vizuri, sikufichi. Hata hoja yako ya joto ina mashiko: Hijja hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa miladia, kwa hiyo 2033 itaangukia mwezi wa tatu, Makka ikiwa na ahueni. Nakumbuka ulivyotishika 2024, mwaka ambao joto pale Msikiti Mtakatifu lilifika nyuzi 51.8 na Saudia wenyewe wakatangaza mahujaji 1,301 wamefariki. Wengi wao walikuwa wameingia bila kibali, wakatembea juani bila hema wala basi, lakini maiti ni maiti. Uliniambia, "Mama yangu simpeleki kwenye tanuri." Nikakuunga mkono, na sijutii.

Tatizo nililoliona ni kwamba humo ndani kila kitu kina umri isipokuwa mama. Saruji umeipigia hesabu ya bei itakavyopanda. Kitinda mimba wako umeshajua mwaka huo atakuwa darasa gani. Mama umemwacha na miaka yake 71 ya leo, kana kwamba atakusubiri amekaa hapo hapo kwenye kochi. 2033 atakuwa na miaka 79, somo.

Na wewe unamwona kila Ijumaa, najua. Akijua unapiga anajifunga ule mtandio wake mzuri, anasogea dirishani penye mwanga, anacheka, anakuuliza kama umekula. Simu inaonyesha uso, haionyeshi magoti. Haikuonyeshi kwamba tangu Ramadhani anaswali juu ya kiti cha plastiki. Haikuonyeshi kwamba kwenda dukani kwa Mpemba, nyumba sita tu kutoka mlangoni kwake, anapumzika mara mbili: kwanza kwenye baraza ya kinyozi, kisha popote atakapopata pa kukaa. Aliniambia nisikwambie. Nimeitunza siri yake miezi saba, na leo naivunja. Akinigombeza nitavumilia.

Mwezi wa tisa nilimsindikiza kliniki ya sukari. Foleni tuliishika saa moja asubuhi. Muuguzi akampima presha, ikawa 138 kwa 82, akampongeza kwa kumeza dawa zake. Kisha akanigeukia: "Na wewe baba, hebu leta mkono." Nikacheka, nikakunja shati nikiendelea kumsimulia jirani yangu jinsi timu yetu ya mpira, Coastal Union, walivyotuumiza roho. Kipimo kikasoma 178 kwa 104.

Muuguzi hakucheka. Akaniambia ninyamaze, nikae dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe wazi usawa wa moyo. Akarudia. 174 kwa 102. Nikaambiwa nirudi siku nyingine, nikarudi, na nyingine tena. Daktari akanieleza kwamba ikifika 140 kwa 90 katika siku tofauti, hiyo tayari ni presha, na mimi nimeshaupita huo mstari kitambo.

Unajua nilimjibu nini? "Daktari, mimi sina mawazo." Kwa sababu sisi huku presha tumewapa wenye madeni na wenye wake wakorofi. Mtu akikukasirisha unamwambia asikupandishe presha. Mimi siumwi kichwa, silali na deni, napanda ngazi za ghorofani pale kazini bila kuhema. Akaniambia watu wengi wenye ugonjwa huo hawasikii chochote. Unakaa ndani unaigonga mishipa ya ubongo, ya moyo na ya figo mwaka baada ya mwaka, na mwenyewe anakula ng'onda wake, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa raha. Fikiria, nilikwenda pale kama msindikizaji, nikatoka na kadi yangu.

Sasa nameza amlodipini kila usiku. Wiki za mwanzo miguu ilinivimba kidogo kwenye vifundo, nikataka kuiacha, mke wangu akanikazia macho. Achari nimeaga. Chumvi nimeambiwa isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na humo imo ya mkate, ya mchuzi na ya supu ya pweza. Jaribu kuishi Tanga kwa hesabu hiyo.

Na mimi nilikuwa na daftari kama lako, usidhani nakucheka. Nilikuwa nimejipangia hadi 2040: nikistaafu nifuge kuku, ninunue mashua ndogo, nikatembee. Usiku ule nililifungua nikatafuta ukurasa wenye habari za mwili wangu. Haupo. Kuku wana bajeti ya chanjo, mimi sina hata ya kipimo cha presha, ambacho pale kliniki kilichukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu.

Lakini nimeacha kubwa la mama. Sukari anayo mwaka wa kumi na nne sasa. Siku ile daktari alitaka mkojo upimwe, na majibu yakaonyesha protini imeanza kuvuja kidogo. Figo zinafanya kazi, usiruke. Dawa moja imebadilishwa, na atakuwa anaangaliwa kila miezi mitatu. Nimeuliza nikajibiwa kwamba wengi hukaa miaka mingi na hali hiyo wakijitunza, na wengine hawakai. Yeye ni yupi kati ya hao hakuna aliyeniambia, maana hakuna anayejua.

Sasa chukua hilo uliweke karibu na 2033 yako. Saudia siku hizi wanadai mwenye kuhiji awe na afya ya kuistahimili safari, na mtu ambaye figo zake zimefikia kusafishwa kwa mashine hawampokei. Sisemi mama atafika huko, Mungu apishe mbali. Nasema mpango wako unategemea asifike, na hukuandika hivyo popote.

Halafu kuna kazi yenyewe. Tawafu, kuizunguka Kaaba, mizunguko saba. Kutembea kati ya vilima vya Safa na Marwa mara saba, zaidi ya kilomita tatu ukizijumlisha. Muzdalifa unalala chini, juu yako mbingu. Viti vya magurudumu vipo, wasukumaji wapo, na hakuna aibu kuvitumia. Ila mama mwenyewe kila akizungumzia Makka husema anataka kuiona Kaaba akiwa amesimama. Hajasema akiwa amesukumwa. Maneno hayo umeyasikia kabla yangu.

Najua utanijia na fiqhi, sheria za dini. Sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, Hijja tumepewa nafasi ya kuichelewesha, sivyo? Nilimuuliza maalim baada ya Alasiri. Akasema nafasi hiyo ni ya mwenye azma na asiyehofia kushindwa. Mtu akishaanza kuona dalili kwamba mwili utamwangusha, nafasi inambana. Nikamuuliza na habari ya badali, maana nilijua utaitaja. Akasema inafaa, mtoto anaweza kumhijia mzazi asiyejiweza, sharti awe ameshahiji yake kwanza. Na wewe hujahiji, somo. Miaka kumi na sita uko Oman, tangu 2021 kuna hata njia ya gari inayokata jangwa la Rub' al-Khali mpaka Saudia, na bado unasema "nikitulia". Ile hadithi ya matano kabla ya matano, uzima kabla ya ugonjwa na mengineyo, tuliikariri pamoja mimi na wewe, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa aliyeimaliza kwanza ndiye aliyeruhusiwa kwenda kuogelea.

Labda ninasema kwa uchungu kwa sababu ya baba yangu. Unakumbuka Lamu yake. Kila mwaka alikuwa na nia ya kwenda kwenye Maulidi, kila mwaka likazuka jambo: ada zetu, bati, harusi yangu mimi mwenyewe. Si mbali hata, unavuka Horohoro, unafika Mombasa, unaendelea. Alipopata pesa na nafasi, kiharusi kikachukua mguu na mkono wa kulia. Akabaki kusikiliza kaseti za matwari, zile ngoma za Maulidi, kibarazani, mkono wa kushoto ukipiga goti. Tulikuwa tunaona anafurahi. Mpaka leo sijui kama alikuwa anafurahi.

Basi haya ndiyo ninayoyataka, na ndiyo sababu ya karatasi zote hizi.

Ujenzi tuusimamishe kwenye linta. Fundi amemaliza mstari wa mwisho wa bloku juzi, bati la msauzi na mbao bado hatujanunua, pesa yake iko benki. Hiyo ndiyo nauli ya mama. Kuta zitanyeshewa, nazo ni za saruji, zitakauka. Utapoteza kodi ya mwaka mmoja, labda miwili, wala sijifanyi kwamba hiyo ni kitu kidogo kwako. Nondo zilizochomoza juu nitazipaka rangi zisiote kutu. Fundi atanung'unika, hilo niachie mimi.

Kisha, kabla ya Ramadhani, katika Rajabu au Shaabani, mpeleke Umra, ile hija ndogo. Ni majira ya baridi, Makka inapitika, na ibada yenyewe ni ya saa chache. Utaona kwa macho yako magoti yanasemaje, badala ya kuniamini mimi. Umra haiondoi faradhi ya Hijja, nalijua hilo, lakini ataiona Kaaba, na sasa hivi anaweza kuiona akiwa amesimama. Tukiona ameimudu, tumwandikishe Hijja ya 2027 mapema. Hiyo itakuwa katikati ya Mei na Mei ya Makka si mchezo, nyuzi arobaini zinapita, kwa hiyo itabidi tupate kikundi ambacho hoteli yake iko karibu na Haram, hata kama ni ghali. Daktari ameomba aonwe mwezi mmoja kabla ya safari yoyote, ili dawa zipangwe. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, nitampeleka mimi.

Ukiniambia 2033 bado ipo pale pale kwa ajili yako wewe, sawa. Utakuwa na miaka 58, huenda ukawa bado na nguvu, ukaenda na mkeo kwenye baridi yenu. Mama muondoe kwenye foleni hiyo.

Nimeandika kwa ukali mahali pengine, nimesoma tena nikaona nisifute. Tumechangia jina tangu utotoni, hata viboko walikuwa wanakosea wakanipiga mimi vyako. Hiki kimoja nakudai.

Ijumaa ukimpigia, muombe akutembeze uani akuonyeshe mlimau wake. Asikabidhi simu kwa mtoto, aishike mwenyewe, na wewe usiseme kitu, sikiliza pumzi. Usimwambie kwamba nimekwambia. Au mwambie, vyovyote.

Fundi nimemwambia asinunue mbao mpaka Jumatatu nisikie kutoka kwako.

Wasalaam,
Somo wako

Nimesahau: ule mfuko wa ng'onda uliouagiza kwa kijana anayekuja huko wiki ijayo, sikumpa. Kapime presha kwanza, unitumie picha ya kipimo, ndipo tutazungumza habari ya ng'onda.