Saa nane zinazoanza saa nane

Shangani, Mtwara

Kaka Shaibu,

Salaam kwako na kwa wote hapo Lindi. Huku korosho zimepamba moto, malori yamepanga foleni maghalani na kila unayekutana naye anaulizia bei ya mnada kabla hata hajakusalimia.

Swali lako nimelipata. Inakuwaje gari lililomaliza la nne lipewe ubingwa wa dunia, na lililofika la kwanza liondoke na kikombe cha siku moja tu? Umesema ulipotazama kile kipande cha Bahrain ulidhani mtangazaji kachanganya. Hakuchanganya. Wewe ndiye ulikuwa unamtazama wa mbele, na kwenye raundi ya kufunga msimu wa mbio za ustahimilivu, wa mbele mara nyingi ndiye wa mwisho kukufaa.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo utapotea. Msimu wa 2025 wa mashindano ya dunia, haya wanayoyaita WEC, ulikuwa na raundi 8: Qatar, Imola, Spa, Le Mans, São Paulo, Austin, Fuji, kisha Bahrain tarehe 8 Novemba. Pointi hazilingani kila mahali. Mbio za saa 6 mshindi anachukua 25, Le Mans ya saa 24 anachukua 50. Bahrain ni ya saa 8, kwa hiyo inakaa katikati: 38 kwa wa kwanza, halafu 27, 23, 18, 15, 12, 9, 6, 3 na 2 kwa wa kumi. Anayeshika nafasi ya kwanza ya kuanzia anaongezewa 1.

Ferrari namba 51, ya akina Pier Guidi, Calado na Giovinazzi, iliingia Bahrain ikiwa mbele kwa pointi 13. Nyuma yake ilikuwepo Ferrari nyingine, ile ya njano namba 83 ya Kubica, Ye na Hanson, walioshinda Le Mans mwaka huohuo. Chukua kalamu. Namba 51 ikiwa ya pili, ina 27. Hata 83 ikishinda na kubeba 38, imepunguza 11 tu, haifiki. Namba 51 ikiwa ya nne, ina 18, na 83 inahitaji zaidi ya 31 kuipita. Nafasi ya pili ina 27, haitoshi, lazima ishinde. Sasa niambie, dereva wa 51 akimwona wa njano yuko nyuma yake na Toyota mbili ziko mbele, ana sababu gani ya kuzifukuza Toyota? Hana. Anatunza gari. Mwisho wa siku Toyota namba 7 ya Conway, Kobayashi na de Vries ilikuwa ya kwanza, namba 8 ya pili, 51 ya nne na 83 ya tano. Toyota ilikuwa haijashinda hata mara moja msimu ule mpaka siku hiyo. Ferrari ikachukua ubingwa wa madereva, na pia ule wa watengenezaji, ambao kwa daraja la juu ilikuwa haijaupata tangu 1972.

Hiyo ndiyo karatasi. Lakini wewe ni fundi, najua unataka chuma na mpira.

Uwanja wa Sakhir, huko Bahrain, ulifunguliwa 2004. Una kilomita 5.412 na kona 15, na magari yanazunguka kama mshale wa saa. Kokoto za lami yake hazikuchimbwa pale. Zilisafirishwa kutoka machimbo ya Bayston Hill, Shropshire, Uingereza, kwa sababu jiwe lile ni gumu na halilainiki upesi kwa kusuguliwa. Faida yake ni kushika barabara. Hasara yake unaijua kila anapokuna mtu nazi jikoni: lami ile ni mbuzi, na tairi ndiyo nazi.

Kona zake nyingi ni za aina moja. Unakuja kwa kasi kwenye mnyoofu, unabana breki mpaka mwendo unakwisha kabisa, unakata, halafu unakanyaga moto upya. Gari lina kilo zisizopungua 1,030 na nguvu inayofikia kilowati 500, yaani farasi kama 670. Kwenye kila kukanyaga huko, mzigo unaangukia magurudumu ya nyuma. Kisha kona za kulia ni nyingi kuliko za kushoto, kwa hiyo gari linalalia upande wa kushoto. Unganisha hayo mawili utajua tairi gani inaugua kwanza: ya nyuma kushoto.

Usisubiri ipasuke kama za malori ya korosho pale Mnazi Mmoja. Ugonjwa wa Bahrain ni joto. Mpira wa juu unapata moto kupita kiasi, unaanza kuteleza, kuteleza kunaongeza moto, na moto unaongeza kuteleza. Kwa macho huoni kitu. Kwenye saa utaona: mzunguko uliokuwa wa dakika 1 na sekunde 51 unakuwa 52, kisha 53, na dereva hajakosea popote. Anayekanyaga kwa pupa dakika 10 za kwanza anazilipia dakika 40 zinazofuata. Ndiyo maana ukiona gari linatoka piti, pale wanaposimama kujaza mafuta na kubadilisha matairi, na kuachwa taratibu mwanzoni mwa zamu, yaani kipande cha kati ya kusimama na kusimama, usiliandike limeshindwa. Liangalie tena baada ya mizunguko 20.

Kona ya 10 ina dhambi yake peke yake. Ni ya kushoto, na dereva anabana breki huku tayari anakata. Tairi ya mbele kushoto, ambayo ndiyo ya ndani, inakosa uzito, inagoma kuzunguka na kuburutwa. Kuburutwa kidogo tu kunatosha kuitia bapa. Baada ya hapo usukani unatetemeka mpaka zamu iishe, na dereva anaomba aingie piti mapema, na hesabu yote ya mafuta inavurugika.

Daraja la juu linatumia Michelin, na LMGT3, yale magari yanayofanana na ya barabarani, yanatumia Goodyear. Matairi ya mbio yana idadi maalumu. Timu haiwezi kubadilisha manne kila inaposimama mpaka saa 8 ziishe. Kwa hiyo utaona mara wanabadilisha mawili ya kushoto tu, mara hawagusi kitu. Tena tangu 2023 kuyapasha moto kabla ya kuyafunga kumepigwa marufuku. Gari linatoka na mpira wa baridi, na mizunguko ya kwanza ndiyo ya kuteleza na kugonga.

Piti nayo itazame kwa utaratibu. Mwendo mle ndani ni kilomita 60 kwa saa. Ukizidi unaadhibiwa, na watu wakubwa wameadhibiwa kwa hilo. Gari likisimama, injini inazimwa kabla bomba la mafuta halijachomekwa. Kubadilishana dereva kunafanyika wakati mafuta yanaingia: anayetoka anamfungia mikanda anayeingia, na kama mkanda mmoja umelaliwa na kiti, sekunde zote zilizookolewa uwanjani zimekwisha hapo. Jeki ziko ndani ya gari lenyewe. Fundi anachomeka bomba la hewa, gari linanyanyuka lote kwa mpigo. Kila gurudumu lina nati moja katikati. Hapo ndipo utaona fundi mzuri na fundi wa pupa, maana nati ikishika jino vibaya, bunduki ya hewa itazidi kuiharibu tu. Inabidi itolewe, isafishwe, ianze upya, na wenzako wanapita.

Mafuta hayahesabiwi kwa lita. Kwenye shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu kumefungwa vipimo, na kila gari limepangiwa nishati ya kutumia kwa zamu moja, karibu megajuli 900. Ukizidisha, adhabu. Kwa hiyo dereva anajifunza kuachia pedali mapema kidogo kabla ya kona, gari liserereke lenyewe, kisha ndipo breki. Tazama faida yake. Saa 8 ni dakika 480. Zamu ikidumu dakika 62, zamu nane zinavuka 480, unasimama mara 7 basi. Zamu ikidumu dakika 58, nane zinakupa 464, unabaki na deni la dakika 16 na inabidi usimame mara ya nane wakati mwenzako anaelekea mstarini. Dakika nne kwa zamu, Shaibu. Zinatokana na kuachia pedali mita chache mapema.

Halafu deni hilo linaweza kufutwa na bahati. Ajali ikitokea na uwanja wote ukawekwa chini ya bendera ya njano ya tahadhari, kila mtu anakwenda kilomita 80 kwa saa na nishati inalika kidogo tu. Gari la usalama likitoka ni jambo jingine: linawakusanya wote pamoja, na aliyejitafutia sekunde 30 kwa jasho anajikuta amebanwa kisogoni.

Mafuta yenyewe, kwa taarifa yako, tangu 2022 yanatokana na mabaki ya kutengenezea mvinyo. Nikiona mabibo yanavyooza chini ya mikorosho yetu, au yanavyoishia kwenye pombe ya uraka, huwa nacheka peke yangu.

Kuhusu muda, sisi tumebahatika. Saa ya Bahrain na ya kwetu ni moja. Mbio zinaanza saa nane mchana na zinaisha saa nne usiku: saa nane zinazoanza saa nane. Ila wao wako mashariki zaidi na kaskazini, kwa hiyo Novemba jua linawazamia kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati hapo Lindi bado watu wanaanua chumvi juani. Sehemu kubwa ya mbio ni chini ya taa. Lami inapoa, tairi lililokuwa linachemka mchana linaanza kukubali, na gari lililoonekana bovu saa tisa linaweza kuwa zuri saa moja usiku bila mtu kugusa spana. Upepo ukileta mchanga, wanaotoka kwenye njia iliyozoeleka kwenda kumpita mtu wanateleza kama waliokanyaga mtama.

Na kupita ni kwingi. Mwaka 2025 yalianza magari 36, nusu daraja la juu, nusu LMGT3. Hayo ya pili yanachelewa zaidi ya sekunde 10 kila mzunguko, kwa hiyo yanakutwa na kupitwa kila baada ya mizunguko 10 hivi, na kila gari la LMGT3 lazima liwe na dereva wa kundi la shaba, yaani asiye wa kulipwa. Usiku, wawili wanafukuzana kwa ubingwa na mbele yao yupo mfanyabiashara anayetafuta kona yake kwa amani. Mchubuko mwingi unatokea hapo.

Uharibifu wa kawaida kabisa pia unaamua mambo. Mwaka 2024 Toyota ilifika Bahrain ikiwa nyuma ya Porsche kwa ubingwa wa watengenezaji. Namba 7 ikafa kwa pampu ya mafuta. Ikabaki namba 8 ya Buemi, Hartley na Hirakawa, ikashinda mbio, na Toyota ikachukua ubingwa kwa pointi 190 dhidi ya 188. Madereva wa Porsche namba 6, Estre, Lotterer na Vanthoor, wakachukua wa kwao. Pointi mbili! Hiyo ni tofauti ya nafasi ya nane na ya saba kwenye mbio moja ya saa 6.

Ukitaka kutazama vizuri safari nyingine, usimalize bando kwa video tangu mchana. Fungua ukurasa wa muda wa mashindano, ule wa namba tupu, na uwe na daftari. Chagua magari matatu tu, wanaogombea ubingwa. Kila moja liandikie: mzunguko lilioingia piti, limekaa muda gani, limebadilishiwa matairi mangapi, na dereva gani ameingia. Kisha kila baada ya mizunguko 10 andika muda wa mzunguko mmoja. Ikifika saa moja usiku utakuwa unajua nani ana matairi mapya akibani na nani anadaiwa kusimama. Hapo ndipo ufungue video, saa tatu kamili, ubakiwe na saa ya mwisho tu. Na usimsikilize sana mtangazaji akisema fulani anaongoza. Uliza kwanza amesimama mara ngapi.

Ukikwama kwenye kujumlisha pointi, piga picha ukurasa wa daftari unitumie, nitaurudisha umesahihishwa. Mwambie yule kijana wako wa gereji anayefunga nati kwa kukanyagia spana aangalie magurudumu yanavyofungwa Bahrain.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Bakari