Rukia, Nina Haja Nawe

Mkomani, Lamu

Kwako shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku alhamdulillahi tu wazima, hofu ni kwenu mlioko Malindi. Najua utasema, huyu kanyamaza tangu Mfungo Sita, leo ndiyo kakumbuka ana mtu. Sema utakavyo, ila barua isome hadi mwisho, maana nina haja nawe, na haja yenyewe si pesa. Ingekuwa pesa ningekupigia simu.

Ni habari ya Ami. Ule mkono uliouona kwenye harusi ya Nana, aliokuwa akiukalia ili watu wasiuone, sasa haufichiki tena. Tumempeleka Mombasa kwa daktari wa ubongo. Akamwambia atembee, ageuke, agonganishe vidole, aandike jina lake, kisha akasema ni Parkinson. Basi, kimekwisha. Na sisi tulivyokuwa tumezungushwa! Hospitali moja, jina lake nalimeza, walishikilia kuwa ni bega, vidonge na mafuta ya kuchua, vidonge na mafuta ya kuchua. Mtaani wakasema uzee. Wengine wakasema kuna mtu kamtia jicho kwa ajili ya duka. Kombe amekunywa, na mimi kombe silikatai, lakini mkono uliendelea na kazi yake.

Unajua yule daktari aliuliza nini? Aliuliza habari ya pua. Tukatazamana mimi na Mahfudh, mwana wa Ami. Unayakumbuka yale magomvi ya Ami na waliokuwa wakimletea udi, kila mzigo ukifika anasema mmeniuzia kuni, na sisi tunanusa udi mzuri wallahi, tunaogopa kufungua kinywa? Muuza manukato asiyesikia harufu! Kumbe kwa wagonjwa wengi pua hutangulia, pengine kwa miaka, kabla mkono haujaanza kutetemeka. Kufunga choo vilevile. Na kule kupiga mateke na makelele usingizini, Bi Zena akihama chumba na kusoma Ayatul Kursiy hadi alfajiri, nako kumo humo humo. Daftari la madeni la dukani ukilifungua unaiona hati ikisinyaa ukurasa hadi ukurasa, mpaka majina ya wadaiwa hayasomeki. Wadaiwa wamefurahi, nakwambia.

Lakini silo nililokuandikia.

Daktari alitueleza kuwa kuna utafiti unaofanywa na nchi nyingi kwa pamoja, na wanatafuta watu wa kwetu wakubali kutoa damu kidogo ili jeni zao, yaani yale tunayorithi kwa wazazi, zisomwe. Hakutulazimisha, alitupa karatasi tukaisome nyumbani. Ami akacheka, akasema damu kuukuu hii mtaipeleka wapi, ila yeye yuko radhi. Moto uliwaka tulipofika nyumbani. Mahfudh hataki hata kusikia. Anasema wametuchukulia milango ya nakshi tukanyamaza, sasa zamu ya damu. Bi Zena naye hataki, lakini kwa lake. Mbele ya watu hakusema, alinivuta jikoni: Swabra anaposwa. Wenye posa ni wale wa Langoni unaowajua, watu wa kuchimbua. Wakisikia Ami kachukuliwa damu kwa ugonjwa wa kurithi, posa hiyo haifiki popote.

Mwanzo nilinyamaza, nikaona si langu. Kisha nikaanza kusoma, na yule mtoto wa Nana aliyeko chuo akawa ananisaidia palipo pagumu. Ugonjwa wenyewe umeandikwa na daktari wa London, James Parkinson, tangu mwaka 1817, na hadi leo chanzo chake hakijajulikana chote. Kuna sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo yenye seli zinazotengeneza dopamini, ile inayosaidia mwili kwenda unavyoutuma. Seli hizo zinakufa, na mkono ukianza kutetemeka huwa nyingi zimekwisha kwenda. Kwa nini zife, hapo ndipo penye kazi. Kuna watu wachache ambao jeni moja ikiharibika inatosha kuleta ugonjwa. Kwa walio wengi ni mchanganyiko wa umri, jeni zinazoongeza hatari, na mambo ya nje kama sumu za shambani, parakwati, ile dawa ya kuua magugu, hasa imetajwa sana. Daktari alimuuliza Ami kama amewahi kupulizia dawa mashambani. Akajibu, mimi maisha yangu yote nimepulizia marashi tu.

Sasa sikiliza hili, hili ndilo lililonigeuza. Miaka yote hiyo waliokuwa wakisomwa jeni ni watu wenye asili ya Ulaya, wengine wachache sana. Mwaka 2019 ukaanzishwa mradi wa dunia nzima unaoitwa GP2, wakusanye watu zaidi ya 150,000 kutoka kila upande. Mwaka 2023 madaktari wa Nigeria, Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos akiwa mmoja wao, pamoja na wenzao wa London na Marekani, wakatoa walichokiona: kuna badiliko kwenye jeni iitwayo GBA1 ambalo liko kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa Wazungu halipo ila kwa nadra mno. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja, hatari yake huwa kama mara moja na nusu ya mtu mwingine. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, kama mara tatu na nusu. Na jeni yenyewe, Rukia, ilikuwa ikijulikana zamani! Walikuwa wakiichambua kila siku kwenye damu za watu wengine, na hilo la kwetu halikuonekana kwa sababu sisi hatukuwemo.

Mwambie Mahfudh hilo. Mimi nilimwambia, akaniambia niache mambo ya simu. Wewe atakusikiliza, tangu ule mkasa wa boti anakuogopa kidogo. Milango ilipochukuliwa tulipoteza milango. Huku tunapoteza kwa kutokuwemo, na dawa zitakazotengenezwa zitashonwa kwa vipimo vya watu wengine, tuje tuzivae zinatubana mabegani. Hata Waswahili wenzetu wa Tanzania walikwisha kuonyesha. Wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wenye Parkinson, na wengi waliowapata walikuwa hawajawahi kuambiwa wana nini. Walikuwa wamekaa tu ndani na mitetemo yao, kama Ami na bega lake.

Ila simkatai Mahfudh moja kwa moja, na usiende ukamkatia. Anapouliza damu itawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuitumia, jina la babake litaonekana au halitaonekana, na majibu yatarudi Lamu au yataishia kwenye mikutano ya hotelini, hayo ni maswali ya mtu mwenye akili. Karatasi tuliyopewa imejibu mengine, mengine imeyapita juu juu. Wewe uliyezunguka vijiji vya Kilifi na watu wa utafiti wa malaria, vibibi vikikuita mumiani na kukufungia milango, unajua ya kuuliza. Hiyo ndiyo haja yangu. Nataka uje ukae naye, usome karatasi hiyo neno kwa neno, na ukiona kuna pa kukataa ukatae. Sitakulaumu.

Bi Zena ndiye mtihani. Nilijaribu kumweleza kuwa wagonjwa wengi wa Parkinson hawana jamaa hata mmoja mwenye ugonjwa huo, na kwamba hata mwenye badiliko hilo la GBA1 anaweza kuishi akafa mzee bila mkono kutikisika. Akaniambia, haya, nenda kawaeleze hivyo watu wa Langoni. Sikuwa na la kujibu. Unafikiri tungoje hadi nikaha ipite? Mimi moyo wangu unaniambia hapana, maana kuoza mtoto kwa kuficha nako... acha, hilo tutalizungumza ana kwa ana.

Jeni hiyo, nilisahau kukwambia, kazi yake ni kutoa kimeng'enya kinachosafisha taka ndani ya seli. Kikiwa kichache taka zinabaki, na kuna protini moja, alfa-sinukleini, inayogandana humo kwenye seli za ubongo. Sasa kuna dawa ya kikohozi, ambroksoli, ile ya kulainisha makohozi, imeonekana inakiongeza kimeng'enya hicho, na Uingereza wameiingiza kwenye majaribio makubwa kwa wagonjwa wa Parkinson. Hakuna aliyesema inatibu, bado wanapima. Lakini usimtajie Ami, atatuma watu wamalize chupa zote za Lamu.

Maana dawa huku kila mtu analeta yake. Shemeji wa Siyu kaja na kifuko cha upupu, ndio, upupu huu huu, kasikia mbegu zake zinatibu mtetemo. Swabra alikigusa, akajikuna hadi Magharibi. Na cha kuudhi ni kwamba shemeji hakukosea kabisa: mbegu zile zina levodopa, ndiyo dawa yenyewe anayoinywa Ami, na mwaka 2017 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya Bolivia kwa unga wa mbegu hizo, kwa sababu wako wagonjwa wasioweza kununua vidonge. Unga ukafanya kazi. Ila wao walipima. Shemeji yeye anapima kwa kiganja, na juu yake Ami anakunywa vidonge vya daktari. Nimekificha kifuko juu ya kabati. Ukija utanisaidia kukitupa bila fujo.

Vidonge tunaagizia Mombasa, vinakuja na basi hadi Mokowe, kisha boti. Mwanzo vilikuwa havimsaidii, nikataka kurudi kugombana, kumbe alikuwa akivinywa na samaki wa asubuhi. Protini ya chakula inaizuia levodopa isiingie vizuri. Sasa anavinywa kabla ya kula, nusu saa hivi, na wallahi Rukia, alfajiri moja alifunga vifungo vya kanzu mwenyewe, akatoka kwenda Swalatul Fajri bila kumwita mtu. Bi Zena alilia. Baadaye nguvu ya dawa inashuka, anaganda mlangoni, miguu haitaki kuvuka kizingiti. Ukimwekea kijiti mbele anakiruka! Vitu vya ajabu. Ramadhani ndiyo inaninyima raha, kwa sababu dozi ni mara kadhaa mchana na yeye hasikii habari ya kutofunga. Tutamwita Sheikh amwambie, mimi sauti yangu haitoshi.

Siku hizi kilichompa moyo ni kusikia kuwa Muhammad Ali naye alikuwa na Parkinson, alijulikana kuwa nayo mwaka 1984, na mwaka 1996 akauwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta huku mkono ukitetemeka na dunia nzima ikimtazama. Ami sasa akipitiwa na watoto barazani anakunja ngumi.

Haya, nijibu. Unaweza kuja lini? Waweza kupata ruhusa ya siku mbili tatu, au yule bosi wako bado ni yule yule? Huko Kilifi mliwaambiaje wazazi walioogopa, mlianza na nani, baba au mama? Mtu akishatoa damu kisha akajuta, anaruhusiwa kusema irudishwe au itupwe? Mtu akikutwa na badiliko huambiwa yeye mwenyewe, au hubaki siri ya watafiti? Na Swabra je, naye aulizwe maoni yake, au nitakuwa nimemwaga mboga? Mamako mguu umepoa? Na ile kesi ya kiwanja cha Ngomeni imefikia wapi, au Mzee Athmani bado anawazungusha?

Mahfudh anasafiri kwenda Mombasa baada ya mwezi kuandama, ukiweza kuja kabla ya hapo itafaa zaidi. Nipigie ukiwa Mokowe, nitakungoja gatini. Chumba cha juu ni chako, na nimeshamwambia Bi Zena unakuja kwa ajili ya mambo ya posa, kwa hivyo usije ukanigeuka.

Wasalaam,
Shoga yako Swafia