Mlango wa kutolea dawa

Bukavu, Jumapili jioni

Neema mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho kwa sauti ili mama yako asikie huku akichambua maharagwe. Mikono yake ilisimama nilipofika pale unaposema kwamba ile harufu inayopanda kule Kabare, mvua ikigusa udongo mkavu, hutengenezwa na hao Streptomyces, bakteria wa udongoni unaowasoma huko Lubumbashi.

Mimi niliwajua kwa sindano. Nilikuwa na miaka kumi na minne, kifua kikuu kimenilaza, nachomwa streptomisini, dawa itokayo kwao, kila asubuhi, leo paja la kulia, kesho la kushoto. Kukohoa damu kulikoma. Sikio moja likabaki na mlio ambao haujanyamaza, maana dawa ile hudhuru masikio. Hata hivyo, bila Albert Schatz aliyeigundua mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman kule Marekani, nisingekuzaa.

Lakini vijidudu vimezizoea dawa za zamani. Hapa Kadutu mtu ananunua kapsuli tatu za amoksisilini, homa ikipoa anaacha. Katika uuguzi wangu nimeshika mikono ya watoto ambao tulibadilisha dawa, tukabadilisha tena, na homa isishuke. Ndiyo maana nafurahi unataka kuingia kazi hii ya kutafuta dawa mpya.

Habari ya pampu uliyoniandikia ndiyo iliyonikalisha macho usiku. Kumbe bakteria anayetengeneza sumu ya kuwaulia wenzake, ambayo kwetu ndiyo dawa, naye inaweza kumwua ikimjaa ndani, basi ana protini kwenye utando wake za kuisukuma nje. Watafiti wakimwongezea jeni za pampu hizo, mara nyingine hutoa dawa nyingi zaidi. Mama yako alielewa kabla yangu: "Ni jiko lisilo na tundu la moshi. Mpishi atakimbia chakula hakijaiva." Na hapo unasema jeni za mmoja wao, Streptomyces coelicolor, ziliposomwa zote, mwaka 2002, zilikutwa na maelekezo ya kutengeneza vitu zaidi ya 20, ilhali alijulikana kwa vichache tu! Mwanangu, humo mna kazi ya maisha yako yote.

Nina ombi moja. Erithromisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ilitoka katika udongo wa Iloilo, Ufilipino, ambao daktari Abelardo Aguilar aliutuma Marekani mwaka 1949. Sisi watu wa Kivu tunajua sana vitu vinavyochimbwa kwetu vikaondoka. Ukija kuchota udongo shambani kwa nyanya yako, kaa naye kwanza, mweleze kwa lugha yetu ya Mashi unatafuta nini, na jina la kilima chake liandikwe kwenye daftari lako pamoja na tarehe.

Nimeshamwomba asimwage majivu chini ya mparachichi mpaka ufike.

Baba yako