Risala kwa Mgeni Rasmi: Nyanya za Ndoo na Mbegu Zetu Wenyewe

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi;
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa;
Afisa Mtendaji na Afisa Kilimo wa Kata;
Viongozi wa dini na wa vikundi jirani;
Wazazi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Mbukwenyi! Na kwa wale mliohamia Dodoma pamoja na wizara zenu, habari za asubuhi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa niaba ya akina mama wa kikundi hiki, na akina baba wachache waliotuvumilia, nakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua Jumamosi ya diwani ina misiba, harusi na vikao, nawe umeiacha yote ukaja kutazama ndoo.

Kikundi chetu kilianza kama kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wetu ni wapangaji. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, na hasa tangu Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018, viwanja vimejaa nyumba, nyua zimesakafiwa, na pa kupanda hata mchicha hapapatikani. Ndipo tulipogeukia ndoo za mafuta ya kula, madumu ya lita 20 tuliyoyakata vichwa, viroba na mabeseni yaliyopasuka. Vyombo vilivyobeba dawa za mifugo au za shambani hatuvigusi, hata vioshwe mara ngapi. Mpangaji wa kikundi hiki akikosana na mwenye nyumba, siku hizi anahama na shamba lake juu ya guta.

Tulichagua nyanya kwa sababu ndiyo inayotutoa hela kila siku. Mlenda unaweza kuupika kwa karanga tupu, lakini maharage na dagaa vinadai nyanya. Mvua zinapokolea na ugonjwa wa ukungu ukavamia mashamba, fungu kwenye masoko ya Majengo au Sabasaba linapungua ukubwa na bei inapanda, maana mzigo wenyewe mara nyingi umesafiri kutoka mbali, kama Ilula kule Iringa.

Mheshimiwa, kila shina tunalipatia chombo kimoja cha lita 20, chenye matundu chini. Ndani tunaweka udongo, samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa na mchanga kidogo wa korongoni. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na kwa mkoa wenye mifugo mingi kama wetu hakuna sababu ya kuharakisha. Jua la Dodoma nalo lina adabu yake: ndoo nyeusi ikichomwa mchana kutwa, mizizi inapikwa. Kwa hiyo ndoo zetu zinakaa upande wa mashariki wa nyumba, zipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, na zile nyeusi tunazivika gunia. Upepo wa Juni hadi Septemba hauna huruma, kila shina linafungiwa mti.

Kwenye maji ndiko tulikojifunza zaidi. Wengi wenu mmewahi kuona nyanya yenye doa jeusi lililozama kitakoni. Majirani hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa, na muuzaji hakosi cha kuwauzia. Ule si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa madini ya chokaa (kalisi) ya kutosha, na mara nyingi chokaa imo ndani ya udongo ila haifiki kwenye tunda, kwa sababu leo mmea umefurikishwa na keshokutwa umeachwa ukauke. Maji kidogo kila asubuhi, na majani makavu juu ya udongo, yanasaidia kuliko chupa ya dawa. Halafu maji ya visima vyetu wote tunayajua, yana chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo wa ndoo, mwagia maji mengi kwa mkupuo mpaka yatoke kwenye matundu ya chini, yaondoke na chumvi. Maji ya mvua ni bora zaidi, na nitayarudia kwenye maombi yetu.

Kantangaze naye tunaye. Mdudu huyu asili yake ni Amerika Kusini, na hapa nchini alionekana mwaka 2014. Mwenye ekari tano anahangaika naye sana. Sisi wenye ndoo sita tunapekua jani moja moja kila asubuhi, na lenye mahandaki ya mdudu tunalikata na kulichoma.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hayo yote ni utangulizi. Jambo lililotufanya tukuite ni mbegu.

Nyanya tunazopanda ni Tanya, Tengeru 97 na Cal J. Hizi si chotara, yaani si mbegu zilizopatikana kwa kuchanganya aina mbili tofauti. Ua la nyanya kwa kawaida hujichavusha lenyewe, kiume na kike vimo ndani ya ua moja, kwa hiyo Tanya inayokaa jirani na Cal J hubaki Tanya karibu kila mara. Sivyo kwa mahindi au maboga, ambayo chavua yake inatembea na upepo au nyuki. Maana yake ni kwamba mama mwenye ndoo nne, akijua kuchagua na kukausha, hana haja ya kurudi dukani kununua mbegu ile ile mwaka hadi mwaka.

Tunachagua shina kwanza, tunda baadaye. Shina lenye afya na uzao mzuri linafungwa kitambaa chekundu mapema, ili watoto wasilichume. Lenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka halifungwi, hata likitoa nyanya moja kubwa ya kushangaza. Tunda linaachwa liive hadi lilegee. Tunalikata, tunakamulia mbegu na ute wake kwenye glasi, tunafunika kwa kitambaa na kukoroga kila siku. Ute ule ndio unaozuia mbegu kuota ndani ya tunda, na ukichachuka unaachia. Kwa joto la Novemba siku mbili zinatosha, kwa baridi ya Julai tatu. Zikizidi, mbegu zinaanza kuota humo humo. Harufu yake, niseme ukweli, imewahi kuleta mgogoro katika ndoa zaidi ya moja.

Kisha tunaosha. Nzuri zinazama, mapepe yanaelea na kumwagwa. Tunaanika kwenye sahani au chandarua safi, kivulini penye hewa. Hatuaniki juu ya bati, jua lile linaua mbegu, wala juu ya gazeti, maana zinagandia. Zikikauka hadi zisishikane, zinaingia kwenye bahasha yenye jina na tarehe, na bahasha kwenye chupa yenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa mkavu. Zikikaa pakavu pasipo joto, zinaweza kuota hata baada ya miaka minne. Kabla ya kusia tunaweka kumi kwenye kitambaa kibichi, tuone zinaota ngapi.

Sasa hapa, Mheshimiwa, naomba unielewe vizuri. Wakati mwingine wahisani wenye nia njema hugawia vikundi mbegu chotara, zile zilizoandikwa F1 kwenye pakiti. Hatuzidharau. Kwa mkulima mkubwa anayeuza zina faida: zinazaa sana, na nyingi zinahimili magonjwa. Lakini ukikamua mbegu za tunda lake na kuzipanda, ni kama watoto wa tumbo moja, kila mmoja anakuja na sura yake. Nyingine ndogo, nyingine chungu, nyingine zinakufa na ugonjwa ambao mama yao aliuhimili. Mama mwenye ndoo nne akizoea hizo, kila msimu anarudi dukani, na zinauzwa kwa kuhesabu punje. Kwa hiyo ombi letu la kwanza ni la ajabu kidogo: ukipata mfadhili wa mbegu kwa ajili yetu, mwambie atuletee zisizo chotara, au asilete kabisa.

Changamoto zetu nyingine ni za kawaida. Kuku wa jirani hawajui mipaka. Maji ya mgao yanakuja usiku wakati watu wamelala. Na wapo wenye nyumba wanaodhani ndoo kumi barazani ni uchafu, tunaomba Mwenyekiti wa Mtaa aseme nao.

Ombi la pili ni tenki la kuvunia maji ya mvua. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na nyingi inatiririka kutoka kwenye mabati mpaka barabarani. Paa la ofisi ya mtaa ni kubwa, mabomba ya kukinga tutachangishana wenyewe.

Ombi la tatu ni kuunganishwa na TOSCI, taasisi inayosimamia ubora wa mbegu nchini. Kwa sasa tunagawana mbegu sisi kwa sisi na hatuuzi, kwa sababu Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ina masharti yake na tunayaheshimu. Ila ipo njia ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, ambayo wakulima wadogo wanaruhusiwa kuipitia wakishafunzwa na kukaguliwa. Afisa Kilimo wetu yuko tayari kutuongoza, anachohitaji ni barua kutoka ngazi yako. Rasimu ya barua hiyo tumeshaiandika, ipo mezani mbele yako, Mheshimiwa, na kalamu iko juu yake.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.