Shukrani kwa fundi wa Thailand

Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami, sisi tulioishi kando ya Tokyo tuliingia kwenye mgao wa umeme. Msaada wa umeme kutoka magharibi mwa Japani ulipita kidogo tu: kule umeme ni wa hezi 60 (mizunguko ya mkondo kwa sekunde), kwetu 50, na mifumo hiyo miwili haiungani moja kwa moja. Thailand nayo hutumia 50, na shirika lake la umeme, EGAT, likaiazimisha Japani mitambo ya kuzalisha umeme kwa gesi kutoka kituo chake cha Nong Chok, bila malipo.

Fundi nisiyekujua jina, wewe uliyeifungua kipande kwa kipande na kuifungasha kwa safari ya meli hadi Kawasaki, jirani na Tokyo, asante sana. Kazi nzito hiyo! Serikali zetu zenye mitambo ya akiba, jirani akiingia gizani, fanyeni vivyo hivyo.