Miaka ya Obama Springfield isirukwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila magazeti yetu yanapomwandika Barack Obama, habari huanzia Kogelo, hupitia Harvard, kisha hurukia hotuba yake ya 2004 katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini Boston. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa katika Seneti ya jimbo la Illinois, mjini Springfield. Hiyo ndiyo miaka inayoonyesha wakili anavyogeuka mtunga sheria.

Hata kuingia kwake kulikuwa kwa kiwakili. Mwaka 1996, mgombea wa kiti cha wilaya ya 13 alitakiwa kuwasilisha sahihi 757 za wapiga kura waliosajiliwa. Watu wake walipekua karatasi za wapinzani mstari kwa mstari: huyu anaishi nje ya mipaka, yule hayumo daftarini. Wapinzani wote katika mchujo wa chama chake walitoka kinyang'anyironi, akiwemo Alice Palmer aliyekuwa akishikilia kiti hicho. Ni halali, ingawa mimi singemsifia hilo.

Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa na maseneta wachache, na miswada yake mingi ilikwama. Mambo yalibadilika Democratic waliposhika Seneti mwaka 2003. Hapo ndipo ulipopita mswada wake wa kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji wakiwa mikononi mwa polisi.

Haja ya mswada huo ilikuwa wazi: hadi mwaka 2000, watu 13 waliohukumiwa kifo Illinois walikuwa wameachiliwa baada ya hukumu zao kubatilishwa, hata Gavana George Ryan, Republican, akasimamisha utekelezaji wa hukumu za kifo. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga mswada. Obama aliketi nao, akakubali hali kadhaa ambazo kurekodi hakutakuwa lazima: vifaa vikishindikana, au mshukiwa mwenyewe akisema hatajibu akiwa anarekodiwa. Asichokiachia ni kipengele cha ushahidi: maelezo yasiyorekodiwa yahesabiwe hayakubaliki mahakamani, mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba yalitolewa kwa hiari na yanaaminika. Bila kipengele hicho, askari angezima kamera asipate hasara yoyote, na sheria ingebaki karatasi. Seneti iliupitisha bila kura ya kupinga, Gavana Blagojevich akautia sahihi Julai 2003, na vituo vikapewa miaka miwili ya kujiandaa. Alaska na Minnesota zilikuwa zimetangulia, lakini kwa amri ya mahakama. Illinois ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo kwa sheria ya bunge.

Wanaomlaumu kwa kupiga kura ya "nipo", yaani si ndiyo wala si hapana, mara 129 nao wajue kwamba Illinois mswada huhitaji kura 30 za ndiyo kati ya maseneta 59. Kwa hesabu hiyo, "nipo" haiusaidii mswada zaidi ya "hapana".

Ombi langu, Mhariri: mkimwandika tena, kichapisheni kipengele hicho cha ushahidi chote, mawakili waliomo katika Bunge letu wakisome.

Msomaji wako,
Kisumu